Ngumi ya Mkono Usiokuwepo

Mkono wenyewe ulikwisha kuchomwa. Ndivyo hospitali wanavyofanya: kiungo kilichokatwa hufungwa kwenye mfuko mwekundu, kikapelekwa nyuma kwenye tanuri, na moshi wake hutoka kwenye bomba moja na ule wa bandeji na pamba chafu. Fundi alilijua hilo kwa sababu aliuliza, na muuguzi aliyeulizwa hakuwa na tabia ya kuzunguka mbuyu. Sasa, kama mkono wa kushoto ulikuwa majivu tangu mwezi wa pili, ni nani aliyekuwa akiukunja ngumi kila siku ifikapo saa saba mchana?

Maana ulikunjwa. Jua likiwa wazi, redio ya jirani ikisoma habari, kucha ambazo hazikuwepo zilizama katika kiganja ambacho hakikuwepo, na mwanaume mzima wa miaka arobaini na moja akauma kitambaa cha meza asije akapiga kelele. Majirani walisema anatia chumvi. Mkono usiokuwepo utaumaje? Wenye mikono miwili hawakosi maneno. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Fundi alikuwa mwashi, na kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi bega kwa bega na mdogo wake wa tumbo moja. Huyo walimwita Pimamaji. Jicho lake lilikuwa sahihi kuliko kile kifaa chenye kipovu ambacho waashi hulaza juu ya tofali: alisimama mbali, akafumba jicho moja, akasema, "Umeinama unene wa kucha," na ukuta ukipimwa hukutwa umeinama unene wa kucha. Kwa mafundi wenzake alikuwa kero. Kwa kaka yake alikuwa nusu ya mwili.

Mashine ya kuchanganya zege ina kelele za kuzimu, na mmoja akiwa juu ya jengo na mwingine chini hawawezi kusikizana hata wakipasua koo. Kwa hiyo ndugu hawa walisemezana kwa kamba ya ndoo. Mvuto mmoja, pandisha. Miwili, subiri. Mitatu, achia. Neno la nne halikuwepo na hawakulihitaji. Lugha hiyo waliizoea mpaka wakaileta nyumbani: Fundi akianza kumchokoza mama yao mezani, Pimamaji alimbana goti mara tatu chini ya meza, yaani achia, mwache Mama ale.

Siku ya ajali walikuwa wakiondoa mirunda iliyoshikilia dari la zege la ghala moja. Siku za zege kukomaa zilikuwa bado nne. Fundi aligonga zege kwa kichwa cha nyundo, akatega sikio kama wafanyavyo waashi wanaojiamini kupita kiasi, akasema limekomaa. Pimamaji alitazama juu, akafumba jicho moja, akasema linakaa vibaya. Fundi akamjibu kwamba zege halipimwi kwa jicho. Akang'oa mrunda wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na wa pili, na wa tatu.

Walikaa chini ya vifusi kutwa nzima. Kati yao palikuwa na kipande cha zege chenye upenyo wa kupitisha mkono tu, na kupitia upenyo huo Fundi alishika mkono wa mdogo wake. Mwanzo waliongea. Pimamaji alitania hata, akasema sasa kaka amini jicho. Ilipokaribia saa saba akanyamaza. Kisha vidole vyake vikabana: moja, mbili, tatu. Fundi akajibu mara mbili, subiri, wanakuja. Vidole vikabana tena mara tatu. Fundi akajibu mara mbili. Waliendelea hivyo, Mungu ndiye ajuaye mara ngapi, mpaka upande wa pili ukaacha kusema.

Walipofikiwa saa kumi, mkono wa Fundi ulikuwa umekandamizwa muda mrefu mno. Hospitali waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Mama yao aliambiwa yote isipokuwa hayo ya kubana. Aliambiwa kuhusu nyundo, na mirunda, na zile siku nne, wala hakumlaumu mwanawe mkubwa hata kwa jicho. Alichotaka kujua ni kimoja. "Ulimshika?" aliuliza pale pale wodini. "Nilimshika, Mama. Mpaka mwisho." Basi mwanawe hakufa peke yake. Neno hilo ndilo lililomsimamisha siku ya mazishi.

Ngumi ilipoanza kumtesa, Fundi alifanya kosa la kumsimulia mama yake jinsi inavyokuwa. Alisema si kucha peke yake. Ndani ya ngumi mna vidole vingine, vya moto, vyenye sugu za kushika kamba. Tangu siku hiyo, kila saa saba, Mama alivuta kigoda akaketi upande wa kushoto wa mwanawe, akautazama mkono wa shati uliokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Bado umemshika?"

"Bado, Mama."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu."

Hapo Mama alishusha pumzi, akarudi jikoni, na mara nyingine alisikika akiimba. Na Fundi alibaki na vidole vikimbana, moja, mbili, tatu, na yeye akivibana mara mbili, subiri, subiri, mpaka maumivu yakamtoa machozi.

*

Hospitalini alitibiwa kwenye korido moja ndefu, na korido hiyo ilikuwa na ncha mbili.

Ncha ya kwanza, chumba namba tatu, palikuwa na mazoezi ya viungo. Mtaalamu wake alikuwa dada mwenye viatu vya raba na mikono yenye nguvu za mkanda unga. Wagonjwa walimwita Dada Nyoosha, kwa kuwa neno hilo lilimtoka mara mia kwa siku. Ncha ya pili, chumba namba kumi, palikuwa na mama wa makamo aliyetoka China miaka ishirini na miwili iliyopita. Kiswahili chake alikipata sokoni, kwa hiyo alijua kubishana kuliko kusalimiana. Huyo walimwita Bibi Sindano.

Benchi la katikati lilikuwa bunge. Mtu akiteguka kifundo cha mguu, Dada Nyoosha alitoka akisema, "Barafu! Barafu na kupumzika." Bibi Sindano akatokea upande wake, "Barafu unaweka kwenye samaki! Damu inaganda humo ndani. Lete moto, lete mafuta." Aliyevunjika mkono, mmoja alitaka plasta wiki sita pasitikisike kitu, mwingine alitaka vibao na bandeji ya dawa, vidole vichezeshwe mapema. Mgonjwa mwenyewe alibaki kauning'iniza mguu hewani akingojea hukumu. Kisha saa nne wale wawili walikunywa chai pamoja kwenye dirisha la mwisho, wakicheka, kama mawakili baada ya kesi.

"Huku wanakugandisha, kule wanakukausha kwa moshi," Mama alisema siku ya kwanza waliyoketi hapo. "Wamekuona wewe mtu au dagaa?"

Walianza na Dada Nyoosha. Alisimamisha kioo kirefu mezani, mbele ya kifua cha Fundi, kikitazama kulia. Kigutu kikafichwa nyuma ya kioo, mkono mzima ukakaa mbele yake. Fundi alipochungulia aliona mikono miwili.

"Ubongo wako hauna habari kwamba mkono haupo, kaka," Dada Nyoosha alieleza. "Unautuma, hauitiki, basi unazidi kuukaza. Tunaudanganya kidogo. Kunja ngumi zote mbili. Haya. Sasa nyoosha."

Fundi akanyoosha. Kiooni, mkono wa kushoto ukafunguka, kidole kwa kidole, na maumivu ya miezi mitano yakalegea hapo hapo. Akataka kucheka. Kisha akakiona kiganja. Kilikuwa cheupe, kimetulia, na hakikuwa na mtu ndani yake.

Alipiga ukelele uliosikika mpaka benchini, akakunja ngumi.

"Umeona nini?"

"Kitupu."

"Ndiyo, kitupu," Dada Nyoosha akasema kwa upole. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe."

Hakukosea. Wengi walipona kwa kioo kile, na wengine walimletea matunda ya shukrani. Lakini kumwonyesha Fundi kiganja kitupu kulikuwa kumtangazia msiba upya kila Jumatatu na Alhamisi, na moyo wake ulikataa kuhudhuria. Alianza kufumba macho mbele ya kioo. Vidonge navyo vilimlaza mchana tu, akaota zege.

Daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache na kalamu tatu mfukoni, alibonyeza kigutu, akasema mishipa ya fahamu imevimba pale mwishoni. Maumivu yasipopungua hadi mwisho wa mwezi, atakata tena, juu, karibu na bega. Alisema hivyo huku akiandika.

Fundi alitoka amenywea. Kigutu kile kilikuwa kazi yake yote iliyobaki. Alikwisha kujifunza kubana ubao wa chokaa kwapani, akiushikilia kwa kigutu, na mkono wa kulia ukapiga lipu kama zamani. Hakupiga vizuri, lakini alipiga. Akikatwa begani, ubao utakaa wapi? Mwashi asiyeweza kushika ubao ni mtazamaji tu. Zilibaki wiki nne.

Ndipo akasogea upande wa pili wa benchi.

*

Bibi Sindano hakumuuliza ilikuwaje. Alimlaza, akaweka kimto chini ya mkono wa kulia, kisha akaweka kimto cha pili upande wa kushoto, pale ambapo mkono ungelala kama ungekuwepo. Mama aliketi pembeni, karibu na kabati la chupa. Chumba kilinuka moshi wa majani makavu aliyokuwa ameyasokota mfano wa sigara.

Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akatulia muda mrefu, macho kayafumba. Kisha akazunguka kitanda. Akavishusha vidole vile vile juu ya kimto kitupu, taratibu, mpaka vikasimama hewani, unene wa kidole juu ya kitambaa. Akabonyeza.

Fundi akahisi ubaridi wa vidole vitatu kwenye kifundo kilichokwisha kuwa majivu.

"Hapa kuna mapigo mawili," Bibi Sindano akasema. "Moja lako. La pili la nani?"

Hakuna mtu katika korido ile aliyekuwa amesimuliwa. Pembeni, Mama akasimama wima.

"La mdogo wangu."

"Mzima?"

"Amekufa."

"Basi hajaambiwa," Bibi Sindano akasema, akachana paketi ya sindano kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya.

Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kama unywele, na alizichoma zote mkono wa kulia, ule mzima. Kwao, alisema, wa kushoto ukiuma hutibiwa wa kulia. Fundi akamwambia basi ni kama kile kioo cha chumba namba tatu.

"Ndugu wale wale," akakubali. "Yule binti anajua kazi. Tofauti ni hii: yeye anakuambia hakuna kitu mkononi. Mimi nakuambia kipo. Kilichopo kinaweza kutoka. Kisichokuwepo utakitoaje?" Akazungusha sindano, na Fundi akahisi umeme ukipanda. "Lakini sikiliza. Siku ngumi ikifunguka, unaachia tu, kinakwenda zake. Usimpe mtu. Upande huu wa kushoto asikae mtu. Umesikia? Hata paka."

"Nimesikia," Fundi akajibu.

Mama hakujibu, maana hakuulizwa.

Wiki ya kwanza kikafunguka kidole kidogo. Fundi alikisikia kikinyooka, kikipoa, kikilala juu ya kimto, na usiku huo alilala mpaka asubuhi. Wiki ya pili kikafuata cha pete. Na kadiri ngumi ilivyolegea ndivyo vile vidole vingine, vya moto, vilivyobana kwa nguvu zaidi. Mara tatu. Mara tatu. Si kwa hasira, lakini kwa haraka, kama mtu aliyesimama mlangoni na mzigo wake.

"Bado umemshika?" Mama aliuliza kila saa saba.

"Bado. Kwa vidole vitatu."

Basi ufunguo wa mlango ukaanza kupotea siku za kwenda kwa Bibi Sindano. Kikapotea kiatu kimoja, kikaonekana ndani ya pipa la unga, na Mama akaapa kwamba panya siku hizi wana nguvu. Akasema zile sindano zinamkondesha. Akasema kama ni kukatwa, madaktari wamesoma, wanajua wanachofanya. Mama yule yule aliyelia siku mwanawe alipokatwa kiwiko sasa alikuwa radhi akatwe bega! Fundi alimkasirikia, kisha akaona aibu kwa kumkasirikia. Alimwelewa vizuri mno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alibakiwa na vidole vitatu tu vya mwanawe wa pili.

*

Siku ya mwisho kabla ya upasuaji, miadi ilikuwa saa saba kasorobo. Vilibaki vidole viwili, gumba na cha shahada. Bibi Sindano alichoma sindano kumi na moja, akawasha majani, na moshi ukajaa chumbani. Redio fulani koridoni ikaanza kusoma habari.

Mkono ukabanwa, moja, mbili, tatu. Fundi akaguna.

Mara mtu akaanguka nje kwenye benchi, kelele zikaanza, na Dada Nyoosha akasikika akimwita mwenzake kwa sauti ya dharura. Bibi Sindano akaweka yale majani sahanini. "Usitikisike," akasema, akatoka.

Fundi alisikia kigoda kikikokotwa sakafuni. Akageuza kichwa. Mama alikuwa ameketi upande wa kushoto. Alikuwa amevua bangili yake. Akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya kimto, kiganja juu, vidole vimefunguka, mkono uleule wenye alama ya kuungua na pasi. Alimtazama mwanawe kama mtu anayeomba maji.

Hapa ukweli usemwe: Fundi alimwona. Moshi haukuwa mzito kiasi hicho. Angeweza kusema, "Mama, ondoka hapo." Angeweza kusubiri, alikuwa bingwa wa kusubiri. Lakini kesho yake kulikuwa na msumeno, na vidole vilikuwa vikibana mara tatu, mara tatu, na yeye alikuwa amechoka uchovu wa mtu aliyening'inia miezi minane kwenye kamba. Akafungua gumba. Akafungua kidole cha shahada.

Akahisi vidole vya mdogo wake vikiteleza kutoka kiganjani, taratibu, sugu moja moja. Mara ya mwisho viligusa ncha za vidole vyake. Kisha ubaridi, na utulivu, na hakuna kitu.

Juu ya kimto, mkono wa Mama ukajifumba.

Bibi Sindano aliporudi aliwakuta Mama kakaa kando ya kabati, mikono kaificha chini ya mtandio, na Fundi analia kwa sauti. Akaleta vidole vitatu juu ya kimto cha kushoto. Vikashuka, vikashuka, vikagusa kitambaa.

"Amekwenda," akasema, akafurahi.

Kesho yake daktari wa upasuaji alibonyeza kigutu hapa na pale, Fundi hakukunja hata uso, kalamu ikarudi mfukoni. Benchi lilibishana wiki nzima. Upande mmoja ulidai kioo kilikuwa kimefanya kazi polepole, upande mwingine ulidai ni sindano, na mzee mmoja mwenye plasta shingoni alisema ni vidonge tu, vilichelewa kushika. Fundi aliwaachia wagawane ushindi. Alirudi kazini, akabana ubao kwapani, akapiga lipu. Wenzake walimtania kwamba mkono mmoja haulei mwana, lakini kumbe hupaka ukuta.

*

Nyumbani, Mama alipika kwa mkono mmoja, akafagia kwa mkono mmoja, akafua kwa mkono mmoja na goti. Wa kushoto haukufunguka. Siku ya kwanza, saa saba, alimwita mwanawe akikaribia kucheka.

"Anabana! Mara tatu. Hiyo ndiyo nini?"

Fundi alitazama ile ngumi ndogo yenye mishipa.

"Anakusalimia, Mama."

Na Mama akashinda siku nzima na uso wa bibi harusi.

Uongo ule ulikaa wiki tano. Ukazaa. Kucha za Mama zilikua zikaingia kwenye kiganja, ngumi ikaanza kunuka, akaifunga kitambaa, kikalowa, akafunga kingine. Saa saba alikuwa akiuma ncha ya mtandio. Hakulalamika hata mara moja. Akiulizwa alisema ni joto tu, joto zuri.

Fundi alimpeleka kwenye korido ile. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima, haina neno. Dada Nyoosha alisema majonzi huweza kukaza misuli, ameyaona, akaleta kioo. Mama akachungulia, akaona kiganja kikifunguka ndani ya kioo, kitupu. Akakilaza kioo kifudifudi, kwa heshima zote. "Hiki chombo chenu kina uongo, mwanangu," akasema.

Bibi Sindano aliweka vidole vitatu juu ya kifundo cha Mama. Akafumba macho. Alipoyafungua hakumtazama Mama, alimtazama Fundi, na Fundi akatazama chini.

"Nilisema asikae mtu."

"Ulisema."

"Wewe uliteseka, ukataka kuachia, nikakusaidia. Huyu hataki." Akakusanya sindano zake bila kuzichana. "Wa kule na plasta yao na mimi na sindano zangu, sote hatuna dawa ya mtu anayeshika kwa kupenda. Zungumza na mama yako."

Siku tatu Fundi alizunguka na neno hilo mdomoni. Ya nne ilikuwa Jumapili, hakwenda kazini. Walikaa barazani wakimenya njegere, beseni katikati, yeye na mkono wake wa kulia, Mama na mkono wake wa kulia. Mikono miwili ya kulia haipatani kazini: mmoja alishika ganda, mwingine akapasua, njegere zikaruka kila upande, na mara mbili tatu wakacheka. Redio ya jirani ikaanza habari.

Mama akainama. Kitambaa cha ngumi kilitikisika. Fundi alihesabu mitikisiko yake: moja, mbili, tatu.

"Mama," akasema. "Nilikudanganya. Si salamu."

Mama hakuinua uso. Alipasua ganda kwa meno, akamimina njegere besenini.

"Mara tatu ni achia. Ndivyo tulivyosemezana kazini. Kule chini aliniambia achia, nikakataa. Akaniambia tena, nikakataa. Anataka kwenda, Mama. Tangu siku ile anataka kwenda."

Alidhani atapiga yowe. Alikuwa amejiandaa kwa yowe. Mama alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nilijua," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, kwa mkono huu huu. Mtoto akitaka umwachie hubana kwanza. Mtu atasahau?"

"Sasa mbona humwachii?"

"Wewe alikuambia mara ngapi?"

Fundi hakuwa na hesabu hiyo. Kitambaa kikatikisika tena, mara tatu, na doa la unyevu likapanuka pembeni yake. Mama aliliangalia kwa muda, uso umekunjamana kwa maumivu na mapenzi, huwezi kusema yapi ni yapi.

"Na ukitaka kumwambia asubiri," akauliza polepole, "mnasemaje?"

Angeweza kusema hawakuwa na neno hilo. Alilitafuta jibu hilo, akaliona lilipo, akashindwa kuliokota, maana yeye ndiye aliyelitumia neno lenyewe mchana ule chini ya zege, na miezi minane juu yake.

"Mara mbili, Mama."

Ngumi ya Mama ikakazika chini ya kitambaa, mara moja, kisha mara ya pili. Akashusha pumzi. Halafu akanyoosha mkono wa kulia, akamshikia mwanawe ganda lililofuata ili alipasue.